Michezo ya VR kama mazoezi ya nyumbani kwa mgonjwa wa dialisisi: namna ya kuanza kwa usalama

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa, anayesafishwa damu kwa mashine (dialisisi) mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, anatumia saa 12 za wiki akiwa amelala au ameketi. Ongeza uchovu wa jioni ya siku ya mashine, na kesho yake ambapo mwili bado mzito, utaona jinsi wiki nzima inavyoweza kupita bila kusogea. Misuli ya mapaja huanza kwisha kimyakimya. Sumu zinazobaki kwenye damu huidhoofisha, upungufu wa damu huichosha, na kila kipindi cha mashine huondoka na takriban gramu 6 hadi 12 za asidi amino, ambazo ndizo malighafi ya misuli. Matokeo yake wagonjwa wanayajua: kuinuka kitini kunakuwa kazi, ngazi zinaogopesha, na mifupa iliyodhoofishwa na ugonjwa wa figo huvunjika kwa urahisi mtu akianguka.

Mazoezi ya nyumbani yanasaidia, na hayahitaji kuwa mengi. Utafiti wa EXCITE wa Italia, uliochapishwa 2017, uliwataka wagonjwa wa dialisisi watembee dakika 10 mara 2 kwa siku, katika siku zisizo za mashine. Baada ya miezi 6, umbali waliomudu kutembea kwa dakika 6 ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wenzao ambao hawakupewa mazoezi walibaki karibu palepale. Kinachowashinda watu wengi ni kuyarudia mazoezi hayo wiki baada ya wiki, peke yao, wakiwa wamechoka.

Hapo ndipo michezo ya uhalisia pepe, yaani VR, inapofaa. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho, unashika vidhibiti viwili mikononi, na akili inahamia kwenye mchezo. Dakika 10 zinapita kabla hujaanza kuzihesabu. Lakini kifaa kinachokusahaulisha uchovu kinaweza pia kukusahaulisha presha inayoshuka au sukari inayopungua. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilohilo: mwili usikilizwe kabla ya kuvaa miwani na baada ya kuivua, kwa sababu ukiwa ndani ya mchezo hutausikia vizuri.

Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa maswali mahususi

Ukimuuliza daktari "naweza kufanya mazoezi?", utajibiwa "ndiyo, polepole", na jibu hilo halikusaidii chochote. Nenda na maswali haya:

- Nisianze mazoezi presha ikiwa juu ya ngapi, au chini ya ngapi?
- Moyo wangu ukoje? Je, nina betri ya moyo au kifaa kingine mwilini? (Watengenezaji wa miwani ya VR wenyewe wanaonya kwamba sumaku na mawimbi ya redio ya vifaa vyao yanaweza kuingilia vifaa vya namna hiyo.)
- Macho yangu yako salama? Hili ni la lazima kwa mwenye kisukari. Aliyepigwa leza au kufanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, au mwenye mishipa dhaifu inayovuja damu ndani ya jicho, asubiri mpaka daktari wa macho amruhusu.
- Kiwango changu cha damu na cha potasiamu (madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, na yakizidi huudhuru moyo) vilikuwaje katika vipimo vya mwisho?
- Mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe hapo, unaruhusiwa kufanya nini?

Mtu mwenye kifafa, mwenye kizunguzungu kisichoisha, mwenye maumivu ya kifua yasiyodhibitiwa, au mwenye ngiri ambayo bado haijatibiwa, asiguse miwani hii kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mtaalamu wa tibaviungo akipatikana, hata kwa kikao kimoja tu, mtumie. Akikuona ukiinuka kitini atajua mengi kuliko maandishi yoyote.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa kufuata ratiba ya mashine

Siku nzuri ni ile inayofuata siku ya mashine. Maji yamepungua, potasiamu imeshuka, na usingizi umekwisha kukurudishia nguvu kidogo. Siku mbaya ni mwisho wa lile pengo refu la wiki, ambapo unakaa siku 2 bila kusafishwa damu. Maji na potasiamu vinakuwa vimejikusanya, na utafiti umeonyesha kwamba matatizo ya moyo huongezeka wakati huo. Kufanya kazi kwa misuli nako hupandisha potasiamu ya damu kwa muda. Hakuna haja ya kuvikutanisha viwili hivyo.

Kwa hiyo anayekwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa acheze Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kisha apumzike Jumapili. Anayekwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi acheze Jumatano, Ijumaa na Jumapili, apumzike Jumatatu. Ukikosa kipindi cha mashine kwa sababu yoyote, mazoezi nayo yanasubiri mpaka usafishwe.

Mgonjwa wa dialisisi ya tumboni, ambaye damu yake husafishwa kwa maji yanayoingizwa tumboni kwa mrija, hana ratiba hiyo, ila ana suala lake: maji yaliyomo tumboni. Lita 2 ndani ya tumbo husukuma juu kiwambo cha kupumulia na kuongeza mgandamizo kila unapojikunja. Cheza tumbo likiwa limetolewa maji, au likiwa na kiasi kidogo ambacho muuguzi wako amekikubali.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kisicho na waya na mchezo usiokusafirisha

Kifaa kinachojitegemea, kama Meta Quest, kinafaa kuliko kinachounganishwa na kompyuta kwa kebo. Kebo hutega miguu, na kwa mwenye katheta (mrija wa kupitishia damu ya mashine) kifuani au shingoni inaweza kunasa pale pasipotakiwa. Quest 3 ina uzito wa takriban gramu 515. Si mwingi, lakini shingo isiyozoea itausikia baada ya dakika 10, hivyo kaza mkanda wa juu ya kichwa ili uzito usining'inie usoni. Rekebisha pia umbali kati ya lenzi mpaka maandishi yasomeke bila ukungu. Ukungu ukibaki, kichwa kitauma, nawe utadhani ni mazoezi.

Kuhusu mchezo, nina msimamo. Anza na mchezo ambao wewe unabaki mahali pamoja na vitu ndivyo vinavyokujia. Mchezo unaokutembeza, kukuendesha au kukurusha huku mwili wako umeketi huyapa macho habari moja na sikio la ndani habari nyingine, na hapo kichefuchefu huanza. Mgonjwa wa dialisisi ana sababu za kutosha za kichefuchefu tayari.

Beat Saber ni mfano mzuri wa kuanzia. Vipande vya rangi vinakuja kwa mdundo wa muziki, nawe unavikata kwa panga mbili za mwanga. Uzuri wake kwetu umo kwenye mipangilio. Unaweza kupunguza kasi ya wimbo, kuondoa kuta zinazokulazimisha kuchuchumaa, na kuzuia mchezo usikatike unapokosea. Kuna pia nyimbo za upanga mmoja, ambazo zinamfaa asiyetakiwa kuutumia mkono wenye fistula. Michezo ya ndondi iache kwa miezi ya mwanzo. Inapandisha mapigo ya moyo haraka, inazungusha kiuno, na ngumi inayopiga hewa bila kukutana na kitu huumiza kiwiko.

Huna miwani, au macho hayaruhusu? Michezo ya kwenye televisheni inayosoma miondoko ya mwili inafanya kazi ileile. Watafiti wa Valencia, Hispania, walitumia mchezo wa kukusanya hazina na kukwepa mabomu ambao mgonjwa aliucheza kwa kusogeza mguu akiwa palepale kwenye mashine, bila kuvaa kitu machoni. Ring Fit Adventure ya Nintendo, iliyotoka 2019, nayo inafaa kwa miguu, lakini ina mazoezi ya kukandamiza pete kwenye tumbo. Mwenye mrija tumboni ayaruke yote ya namna hiyo.

Hatua ya 4: Andaa chumba, na kaa kwenye kiti

Wiki za mwanzo zote cheza ukiwa umeketi. Sisemi hivi kwa kukuonea. Miguu yenye ganzi ya kisukari, presha inayoyumba na macho yaliyofungwa kwa miwani ni mambo matatu ambayo kila moja peke yake linaweza kumwangusha mtu.

Kiti kiwe kizito, kisicho na magurudumu, chenye mgongo, kimesogezwa ukutani, na nyayo zako zifike chini zote. Mikono ya kiti inasaidia kuinuka lakini inagongana na vidhibiti unapocheza. Kama miguu yako ni dhaifu, chagua chenye mikono na ukae mbele kidogo. Ondoa zulia, kamba za chaji na meza ndogo, na angalia taa au feni ya juu. Vaa viatu vilivyofunika vidole, visivyoteleza. Mwenye kisukari akague nyayo kabla na baada.

Kwenye miwani, weka mpaka wa kuchezea wa mtu aliyetulia mahali pamoja. Jifunze jambo moja kabla ya lolote: namna ya kurudi kuona chumba haraka. Kwenye Quest unaweza kugonga ubavu wa miwani mara mbili, ikiwa umewasha mpangilio huo. Mtu mmoja wa nyumbani awe karibu, na picha ya mchezo irushwe kwenye simu au televisheni ili aone unachokiona. Mwambie akuangalie uso na jasho kuliko alama za mchezo.

Hatua ya 5: Ilinde njia yako ya damu

Fistula ni uhai wako, na hakuna alama za mchezo zinazostahili kuihatarisha. Kila siku ya mazoezi, weka vidole juu yake uhisi mtetemo wake, kabla na baada. Mtetemo ukipotea au ukibadilika, piga simu kitengo cha dialisisi wakati huohuo, usingoje siku ya mashine. Saa ya mkononi, bangili na mkanda wa kupimia presha visikae kwenye mkono huo kamwe. Kidhibiti kina kikanda cha kuzuia kisirushwe. Kikae legevu, na kama fistula iko karibu na kifundo cha mkono, shika kidhibiti kwa mkono mwingine tu.

Siku ya mashine mkono huo upumzike kabisa. Matundu ya sindano bado mabichi, na dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kuwa bado inafanya kazi. Ikitokea damu ianze kutoka, bonyeza kwa nguvu juu ya tundu, inua mkono, na ita msaada wa dharura. Fistula mpya isichezeshwe hivi mpaka daktari wa upasuaji aseme imepona.

Mwenye katheta ya kifuani au shingoni asiinue mikono kwa nguvu juu ya mabega, na asicheze mpaka jasho likalowesha bandeji. Bandeji iliyolowa au kubanduka ni mlango wa vijidudu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Mwenye mrija wa tumboni aubandike vizuri chini ya nguo na aepuke kujikunja na kujinyonga kiunoni.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kuvaa

Hii inachukua dakika 5, nayo ndiyo hatua ambayo watu huiruka wakishazoea. Usiiruke.

Pima presha kwenye mkono usio na fistula, ukiwa umetulia. Kama kitengo chako hakijakupa mipaka yako, ahirisha ikiwa namba ya juu imefika 180 au ya chini imefika 100. Ahirisha pia ikiwa namba ya juu iko chini ya 100 na unahisi wepesi wa kichwa. Pima uzito: ukiwa umepanda juu ya uzito wako mkavu (uzito wako maji ya ziada yakiwa yametolewa) kuliko kawaida yako, au miguu imevimba, au unahema ukilala, tatizo ni maji na mazoezi hayatalitatua. Kwa mwenye kisukari, sukari iliyo chini ya 5.6 mmol/L inahitaji kitu kidogo cha kula kwanza. Iliyo juu ya 14 ukiwa hujisikii vizuri inahitaji simu kwa kitengo. Homa, maumivu ya kifua, kuharisha, kutapika: leo hakuna mchezo.

Mwenye kisukari awe na vidonge vya glukosi au sukari ya kawaida mkononi. Juisi ya machungwa ambayo wengine hushauriwa kuinywa sukari inaposhuka ina potasiamu nyingi mno kwa mtu wa dialisisi.

Hatua ya 7: Kipindi chenyewe

Mara ya kwanza usilenge jasho. Lenga kuzoea miwani tu, kwa dakika 5, wimbo mmoja au miwili, kisha vua. Kichefuchefu kikianza, vua palepale. Kuvumilia hakumzoeshi mtu, kunamfanya aichukie miwani.

Ukishazoea, kipindi kiende hivi. Bila miwani, dakika 3 hadi 5 za kupasha mwili: zungusha mabega, kanyaga hewa kwa kupandisha na kushusha vidole vya miguu, nyoosha goti moja kisha jingine. Vaa miwani, cheza wimbo mmoja. Vua, au fungua uone chumba, halafu fanya kazi ya miguu: inuka kitini na ukae tena, mara 5, polepole, ukishika kitu ukihitaji. Pumzika. Rudi kwenye wimbo wa pili.

Hiyo ya miguu naisisitiza kwa sababu karibu michezo yote mizuri ya VR ni ya mikono, ilhali dialisisi inaiba miguu. Mtu anaweza kucheza miezi 3, akawa hodari wa kukata vipande, na bado akashindwa kupanda ngazi. Njia nyingine ni kupiga hatua za kuketi kwa mdundo wa wimbo huku mikono ikicheza: goti juu, goti chini. Mara ya kwanza vinagongana, lakini baada ya vipindi vichache mwili unashika.

Usitegemee mapigo ya moyo kupima ukali wa zoezi. Dawa za presha za kundi la beta-bloka huyazuia yasipande, na kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu inayoyaongoza. Tumia kipimo cha Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kupumzika na 10 ni mwisho wa uwezo wako. Baki kwenye 3 au 4, yaani unahema kidogo lakini unaweza kusema sentensi nzima. Msaidizi wako akuulize swali katikati ya wimbo. Ukijibu kwa neno moja moja, punguza kasi.

Maumivu au mbano kifuani, mapigo yanayorukaruka, kuona giza, kuhema kusikotulia, udhaifu wa upande mmoja wa mwili: simamisha, vua, ita msaada wa dharura.

Hatua ya 8: Baada ya kuvua

Usisimame mara moja. Kaa dakika 5 ukisogeza vifundo vya miguu polepole, kwa sababu presha hushuka baada ya mazoezi na inaweza kushuka zaidi kwa anayetumia dawa zake. Pima presha tena.

Kizunguzungu kikija hapa, usikimbilie kuilaumu miwani. Kinaweza kuwa cha VR, cha presha, au cha sukari, na vyote vitatu vinafanana. Pima presha, pima sukari, kaa ukiwa umeinua miguu. Cha VR hupungua ukitulia na kutazama kitu kisichosogea. Kisipopungua ndani ya dakika 15, au presha ikiwa chini, piga simu kitengo. Siku hiyo usiendeshe gari mpaka kichwa kiwe wazi kabisa.

Halafu kiu. Mtu mwenye figo nzima huambiwa anywe maji mengi baada ya mazoezi. Wewe una kiwango chako cha siku, na jasho la dakika 15 ni kidogo sana kukibadilisha. Sukutua mdomo kwa maji baridi, nyonya kipande cha barafu, na kihesabu ndani ya kiwango. Vinywaji vya wanamichezo viache: vina sodiamu, na vingine vina potasiamu.

Futa sponji ya uso kwa kitambaa safi, kausha, na hifadhi miwani mbali na dirisha. Jua likipenya kwenye lenzi huunguza skrini.

Hatua ya 9: Ongeza polepole, na andika

Ongeza muda kabla ya kasi. Wiki 2 za kwanza, dakika 5 za mchezo kwa kipindi. Wiki 2 zinazofuata, dakika 10. Baadaye 15 hadi 20, hata ukizigawa asubuhi na jioni. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa 2024 kwa wagonjwa wa figo unataja dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au kadiri moyo na mwili vinavyomudu. Kipande hicho cha pili ndicho chako kwa sasa.

Andika kwenye daftari tarehe, presha kabla na baada, dakika ulizocheza, namba ya Borg, na lolote lisilo la kawaida, kisha umwonyeshe muuguzi siku ya mashine. Mara moja kwa mwezi, siku isiyo ya mashine, jipime: kwa sekunde 60, unaweza kuinuka kitini na kukaa mara ngapi? Namba hiyo ndiyo ya kufuatilia, kuliko alama za mchezo. Kama haipandi baada ya miezi 2, punguza nyimbo na uongeze kazi ya miguu. Zungumza pia na mtaalamu wa lishe, maana misuli haijengeki bila protini ya kutosha, na mgonjwa wa dialisisi huhitaji takriban gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Ukilazwa hospitali, ukipata maambukizi, au ukibadilishiwa dawa za presha, anza tena kwenye dakika 5 hata kama ulikuwa umefika 20. Wiki moja ya kitandani hula misuli mingi, na dawa mpya huweza kushusha presha pale ambapo zamani haikushuka. Na uzito wako mkavu ukirekebishwa, peleka daftari kitengo wakupangie mipaka upya kabla ya kuvaa miwani tena.